Kipindi cha michezo kimegeuzwa cha hesabu, na binti naye kaanza kukwepa uwanja

SWALI

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu. Naomba unifichie jina maana wazazi wenzangu wengi wanakusoma na wakijua ni mimi group litawaka upya. Niko Dar, Tabata, nina watoto wawili na wote wamenichanganya kwenye jambo hilohilo moja, michezo.

Nianze na mdogo, ana miaka 11 yuko darasa la sita, English medium ya kutwa. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, usingizi haujamtoka, anaenda kuumalizia kwenye siti, jioni anarudi saa kumi na mbili kwa ajili ya foleni, siku zingine saa moja kabisa, akifika ni kuoga, kula, homuweki, na tablet kidogo nikimuonea huruma. Jumamosi tuisheni mpaka saa saba mchana. Sasa ratiba tuliyopewa mwanzo wa mwaka ina vipindi viwili vya michezo, Jumatano na Ijumaa, mi nikawa najua anacheza kumbe vipindi vyote mwalimu wa hesabu kavichukua, Jumatano maswali, Ijumaa jaribio. Nilijuaje, nimeshika raba zake za michezo nikakuta ndani bado kuna yale makaratasi ya dukani, mpya kabisa, na tuko muhula wa pili. Namuuliza ananijibu mama sisi hatuchezi sisi tuna mtihani. Na uwanja wenyewe ukienda pale huuoni, upande mmoja wamejenga madarasa mapya, upande mwingine yanapaki mabasi, kote wamemwaga pevingi.

Mwezi uliopita alikohoa nikampeleka hospitali, daktari kampima uzito na urefu akasema mama uzito umezidi, huyu anacheza saa ngapi? Nikakosa jibu. Bibi yake anakaa ghorofa ya pili, tukifika pale juu mtoto anahema mpaka anakaa chini kwenye ngazi. Shuleni wameshampa jina, Bonge.

Basi nikauliza kwenye group la wazazi, kwa heshima tu, jamani vipindi vya michezo vimeenda wapi? Weeee. Nilishambuliwa Anti. Mmoja anasema sisi tunalipa ada watoto wafaulu sio wakimbizane, mwingine anasema kama unataka mpira mpeleke akademi, mwingine kaniwekea zile emoji za kucheka, mwalimu wa darasa yumo humo kasoma kanyamaza. Mume wangu akaniambia acha kujipa presha, michezo ataikuta tu akimaliza shule.

Huyu mkubwa sasa, wa kike, miaka 14, fomu two, shule ya serikali ya kata. Msingi alikuwa anacheza netiboli vizuri tu, aliwahi kuchaguliwa timu ya shule. Toka mwaka jana hataki kusikia. Wiki mbili zilizopita mwalimu kanipigia ananiambia mama pole, binti anaendeleaje na hilo tumbo? Tumbo gani? Kumbe kaandika barua kwa jina langu kwamba ana matatizo ya tumbo asishiriki michezo, na sio moja, kila mwezi ana barua. Kasaini kama mimi kabisa. Nilitaka kumchapa, nikajizuia. Namuuliza ananiambia tu mama mi sipendi, nimekua. Anavaa hijabu na shule inataka bukta na tisheti, sijui kama ndo hilo au kuna jingine.

Naomba unishauri, je nimhamishe huyu mdogo? Ni kweli wakicheza maksi zinashuka? Na huyu wa barua nimfanyeje?

Mama wa wawili, Tabata


JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kutomchapa, tutarudi hapo.

Usimhamishe mtoto bado. Na ukae ukijua huyo kijana sio mvivu, maana nahisi kuna mtu ameshakwambia hivyo au wewe mwenyewe umeanza kuwaza. Hebu ichukue siku yake uipitie. Anakaa kwenye basi, anakaa darasani, anakaa tena kwenye basi, anakaa mezani na homuweki, analala. Hapo uvivu utauweka saa ngapi? Huyo mtoto anafuata ratiba ambayo sisi watu wazima tumempangia, na kitu pekee kwenye hiyo ratiba kilichokuwa kinamuinua kwenye kiti mwalimu wa hesabu kakibeba.

Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka moyo uende mbio, na angalau siku tatu kwa wiki iwe shughuli ya nguvu zaidi na ya kukaza misuli na mifupa, kukimbia kwa kasi, kuruka, kupanda. Neno la kushika hapo ni wastani. Sio lazima saa nzima kwa mkupuo, dakika 15 asubuhi, 20 mapumziko, kipindi cha Jumatano, kutembea kwenda dukani, vyote vinahesabika. Na usidhani ni Tabata peke yake, hao hao WHO walitoa utafiti 2019 uliokusanya takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wa nchi 146, wakakuta vijana wa miaka 11 mpaka 17 asilimia 81 hawafikii hizo dakika. Wavulana 78, wasichana 85. Kwa hiyo kwenye hiyo nyumba yako watoto wote wawili wako kwenye kundi la wengi, ingawa najua haikupi faraja.

Sasa swali la maksi, kwa sababu ndilo linalowaka kwenye group. Mwaka 2010 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilipitia tafiti 50 kuhusu mazoezi shuleni na masomo. Kilichoonekana ni kwamba karibu nusu ya mahusiano waliyopima yalionyesha mazoezi yanakwenda pamoja na kufanya vizuri, karibu nusu nyingine hayakuonyesha tofauti, na yaliyoonyesha hasara yalikuwa machache mno, hayafiki hata mawili katika mia. Yani ukitoa muda kwenye darasa ukaupeleka uwanjani, maksi haziporomoki. Hilo waambie. Ila nakuomba usiende mbele zaidi ya hapo, usiende kuwaahidi watu kwamba mtoto akikimbia atapata A ya hesabu, mi huwa naudhika na watu wanaouza michezo kama dawa ya hesabu. Hata kama isingemuongezea maksi moja, mapafu ni yake, magoti ni yake, atatembea nayo mpaka uzeeni. Mtoto kushindwa kupanda ngazi kwenda kwa bibi yake ni sababu tosha.

Halafu hapo kwenye group ulikosea mlango tu. Group la wazazi sio mahali pa kudai kitu, kila mtu anaandika akiwa kwenye foleni na njaa yake. Nenda shule. Tafuta wazazi wawili watatu, wapo, watakuja inboksi wakwambie dada tuko na wewe ila tuliogopa, mwende kwa mwalimu wa taaluma au mwalimu mkuu mwenyewe. Na msiende kuomba fadhila. Mtaala wetu wa msingi una somo la Sanaa na Michezo, lipo, lina vitabu, na wao wenyewe wameliweka kwenye ratiba wakawapa mkononi. Kwa hiyo chukua ile ratiba, iweke mezani, ongea taratibu: mwalimu, hiki kipindi cha Jumatano tunaomba kirudi. Kimoja. Usianze na vyote viwili, usianze na uwanja, usianze na jengo, ukianza na mambo matano utajibiwa moja rahisi mrudi nyumbani. Kikisharudi na kikakaa mwezi, ndo mnaongelea Ijumaa.

Watakwambia hakuna uwanja. Sawa, pevingi haichezeki mpira wa kuangushana, mtoto atachunika magoti, hilo ni kweli. Lakini kamba ya kuruka inahitaji hatua mbili za sakafu, na mabasi yakishashusha watoto yanaweza kupaki nje ya geti mpaka jioni. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja anaitwa Elaine Wyllie, shule ya msingi mjini Stirling kule Scotland, mwaka 2012 aliona wanafunzi wake hawana pumzi akaanza kuwatoa nje kila siku dakika 15, wakimbie au watembee kuzunguka eneo la shule, na nguo zao zilezile za darasani, hakuna kubadili, hakuna vifaa, hakuna mashindano, wakimaliza wanarudi kukaa. Baadaye shule nyingi za nchi nyingi zikaiga. Sisi wa zamani tukisoma hivyo tunacheka maana si ndio mchakamchaka huo? Tumekimbia kila asubuhi na nyimbo za vita vya Kagera, miguu peku, kabla jua halijawa kali. Tukauacha wenyewe. Kitu cha kuzingatia kwa Dar ni joto tu, kipindi kiwe asubuhi, sio saa saba mchana juu ya pevingi, na mtoto awe na chupa ya maji.

Nikwambie kinachonisumbua zaidi, na hapa nimefundisha kwa hiyo nimekiona. Shule zetu hata zinapokuwa na michezo, zina michezo ya wenye vipaji. Ikikaribia UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, utaona mazoezi yanapamba moto, timu inachaguliwa, inapewa jezi, wanakimbia wale ishirini, na mia nane waliobaki wanakaa kivulini kupiga makofi. Shule inarudi na kombe, kombe linawekwa ofisini, inasemekana shule ina michezo. Mwanao katika mpango huo atafanywa nini? Golikipa, au mbeba maji. Alphonce Simbu alivyochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 tulishangilia kwenye magroup yote, nami nililia, kesho yake tukarudi kuulizana jaribio la hesabu mtoto kapata ngapi. Lakini hata tukimpata Simbu mwingine, huyo ni mmoja. Mwanao hahitaji kuwa Simbu, anahitaji kufika ghorofa ya pili.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuongea na mwalimu anayeshika michezo, muulize wanachezaje. Kuna michezo ambayo mzito ndo anatoka wa kwanza. Rede kwa mfano, tunaipenda wote, ila asiye mwepesi anapigwa mpira mapema anakwenda kukaa pembeni kusubiri, yani yule aliyehitaji kukimbia kuliko wote ndo anayekaa kuliko wote. Afadhali mbio za kupokezana kwa makundi, kuvuta kamba (hapo Bonge anakuwa mfalme, utaona atakavyogombewa), kuruka kamba, kombolela, au hata hiyo rede yenyewe ila aliyepigwa abadilishe timu badala ya kutoka. Na jingine, uliza kama wanaadhibu watoto kwa kuruka kichura na pushapu. Mtoto aliyekuwa anarushwa kichura kila akichelewa, siku unamwambia njoo tufanye mazoezi mwili wake unasikia njoo uadhibiwe. Hii tabia imetuharibia watoto wengi.

Nyumbani, usimuweke mtoto kwenye dayati ya kwenye mitandao, anakua huyo, mambo ya chakula rudi kwa daktari akupe mpango, wewe punguza tu soda na juisi za pakti, maji yawepo. Jina la Bonge lisiitwe kwenye nyumba yako hata kwa utani, hata na wajomba. Jumamosi baada ya tuisheni mfungulie geti. Najua mnaishi geti kali, Dar imekuwa hivyo, bodaboda hazina breki na watu hatuwajui, lakini mtaani kwenu hakukosi kauwanja au kona ambapo watoto wanapiga chandimu jioni, kaa na wewe pale na kiti chako umuangalie. Na Jumapili mpe baba yake. Baba aliyesema michezo ataikuta, mwambie amkutanishe nayo yeye, watembee wote, waende ufukweni wakimbizane, na ukimuuliza huyo baba mwenyewe alikua anafanya nini shuleni jioni atakwambia alikuwa anacheza mpira mpaka giza linaingia. Alikuwa nayo, ndo maana haoni kama mwanae hana.

Sasa binti. Hapa punguza mwendo.

Barua za uongo ni kosa na utaliongea, saini yako sio ya kuchezea. Ila usianze na hilo, maana ukianza na saini mtamaliza na saini na hutajua kilichomfanya aandike. Angalia alichokuambia mwalimu: kila mwezi ana barua. Kila mwezi, mama. Mi naanza kuhisi hedhi. Msichana wa miaka 14, siku zake, bukta nyepesi, wavulana wamejipanga ukutani wanaangalia, pedi moja toka asubuhi, choo cha shule hakina maji. Wewe ungecheza netiboli? Mimi nisingecheza.

Kaa naye jikoni au mkiwa mnasukana, sio sebuleni mkitazamana, muulize siku za michezo kunakuwaje. Subiri. Yanaweza kuwa mambo ya kununulika: sidiria ya michezo inayoshika vizuri (kifua kinachoruka kinauma na kinachekwa, hili akina mama tunalisahau kabisa), pedi za akiba na chupi ya pili kwenye begi, traki badala ya bukta. Kuhusu hijabu usikubali kuambiwa haiwezekani, FIFA yenyewe iliruhusu vifuniko vya kichwa tangu 2014, na mpira wa kikapu FIBA wakaruhusu 2017, seuze kipindi cha michezo cha shule ya kata. Andika barua, yako ya kweli safari hii, uombe avae traki ndefu, tisheti ya mikono mirefu na hijabu fupi ya kubana isiyo na pini. Mwone mwalimu wa kike, matron au mwalimu wa malezi, shule nyingi hilo linakubalika ukiomba, tatizo hakuna anayeomba.

Na mwambie kuwa akiwa kwenye siku zake michezo haimdhuru, wengi hata maumivu ya tumbo yanapungua wakijinyoosha na kutembea. Lakini kama anaumwa mpaka anatapika, au anaishiwa nguvu, au pedi inajaa kila baada ya saa moja au mbili, hilo sio la kuvumilia, mpeleke kituo cha afya.

Kuna uwezekano mwingine, na lazima uuchungulie. Kama kuna mtu, mwanafunzi au mwalimu, anayemtolea maneno kuhusu mwili wake au anayemshika, hapo hatuongelei tena michezo. "Sipendi, nimekua" wakati mwingine ndo namna mtoto anavyosema hilo. Akikwambia, mwamini kwanza. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na namba ya msaada kwa watoto ni 116, bure.

Kama ni aibu tu ya kukua basi usimrudishe kwenye netiboli kwa nguvu. Shule nyingi zinatoa chaguo mbili, mpira kwa wavulana na netiboli kwa wasichana, asiyetaka akae. Anaweza akapenda kukimbia, wavu, karate, kudansi na wenzie chumbani mlango umefungwa, vyote moyo unakwenda mbio. Muulize angependa nini na nani, maana katika umri huo nani ni muhimu kuliko nini, akipata rafiki mmoja wa kwenda naye atakwenda. Na usimtanie mbele ya mdogo wake wala usifananishe miili yao.

Kuhusu kumhamisha mdogo, wape shule muhula mmoja. Mkishaenda mara ya pili na kipindi hakijarudi, anza kuangalia shule nyingine, ila usichague kwa brosha maana kila brosha ina picha ya watoto wanakimbia kwenye majani. Nenda siku ya kazi, saa nne, muda wa mapumziko, bila miadi, simama getini uhesabu watoto wangapi wanacheza na wangapi wamekaa. Halafu omba kuona daftari la maandalio la mwalimu wa michezo, kama hawana utaona wanavyotazamana.

Nijulishe binti kasemaje.